Mwaliko wa Macho

Tuseme ukweli mapema tusije tukamwonea mtu: mjinga wa siku ile alikuwa Vuai mwenyewe. Si Mwalimu Silvanus na kanuni zake, wala si Chepkirui na mdomo wake. Vuai. Na mwenyewe akisimulia huanzia hapo hapo, tena anacheka, maana mtu aliyewahi kukwama saa sita ndani ya lifti aliyokuja kuitengeneza hana aibu nyingi zilizobaki.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tano, saa nane mchana na dakika zake, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa moja pale Riverdale Park. Kila Jumapili watu hukutana humo kucheza tango, ile ya Waajentina, ya wawili wawili. Wengi ni Waafrika Mashariki, na wageni wengine wamo. Vuai alikuwa amejifunza miezi minane. (Dada yake wa Unguja, alipoambiwa kwenye simu kwamba kaka yake sasa yuko kwenye tango, alimuuliza kama Marekani wanampa na mbolea.) Miezi minane kwenye kona ya wanafunzi, nyuma ya nguzo, na hata siku moja hajaingia kwenye duara.

Duara ndilo jambo lenyewe. Wachezaji huzunguka ukumbi kinyume cha saa, jozi nyuma ya jozi, hakuna kupitana. Nyimbo hupigwa nne nne, na hizo nne huitwa tanda. Ukianza tanda na mtu unaimaliza naye. Vuai alitaka tanda moja. Hakutaka sifa. Alitaka nyimbo nne ndani ya duara na mtu ambaye si mwalimu wake, na alizitaka siku hiyo hiyo, kwa sababu Ijumaa msimamizi wake kazini alimwita akamwambia kuanzia wiki ijayo zamu yake inageuzwa: Jumapili zote atakuwa kazini mpaka mwaka mpya. Lifti za mahospitali haziendi kanisani.

Basi akanyoa, akavaa shati la samawati, akatoka kwake Oxon Hill na viatu vya kuchezea mkobani. Akaingia ukumbini. Muziki ulikuwa unapigwa, fidla zinalia na kodiani inazijibu, muziki ambao mara ya kwanza kuusikia ulimkumbusha taarabu za ukumbini alizopelekwa na mama yake, akaacha lifti aliyokuwa anaitengeneza, akasimama mlangoni mwa watu na bisibisi mkononi hadi wimbo ukaisha.

Sasa Vuai ni mtu wa Makunduchi. Kwao huingii penye watu ukakaa kimya kama umekuja kudai. Unasalimia. Lakini kwenye kelele ya fidla utasalimiaje? Akasalimia kwa kichwa. Akawatazama wa viti vya kulia, akainua nyusi, akateremsha kidevu. Akageukia wa kushoto: nyusi, kidevu. Akamalizia na wa mbele. Aliwagawia wote, hakumbagua mtu, na moyo wake ukatulia kwamba ameingia kwa adabu.

Kumbe katika tango, hiyo ndiyo posa. Mwanamume hamwendei mwanamke kumwomba. Anamtafuta macho kutoka mbali; wakikutana macho, anashusha kichwa kidogo; mwanamke akikubali, naye anashusha chake, anainuka. Vuai alifundishwa hivyo wiki ya kwanza. Lakini miezi minane ya nyuma ya nguzo, na miaka hamsini na mbili ya Makunduchi, ipi itakayomwongoza mtu mlangoni?

Wanawake watatu wakasimama.

Irene akatoka kulia. Rosemary akatoka kushoto. Mama Sikujua, Mkongo wa Bukavu, mwenye gauni la kijani na heshima zake zote, akatoka mbele. Wakakutana mbele ya Vuai, katikati ya njia ya duara. Na Vuai badala ya kuomba radhi na kukimbia, alifurahi! Alidhani wamekuja kuitikia salamu.

"Hamjambo?" akasema, akampa Irene mkono. "Habari za nyumbani? Watoto hawajambo?" Akampa Rosemary mkono. "Na wewe mama, umeshindaje?"

"Ee papa," Mama Sikujua akamwambia, mkono wake umebaki begani kwa Vuai, tayari kwa dansa, "wewe uliniita mimi, ao uliita quartier yote, mtaa muzima?"

Nyuma yao duara lilikuwa limeanza kujaa. Jozi ya kwanza ikasimama, ya pili ikaigonga ya kwanza, ya tatu ikapanda kwenye visigino vya ya pili. Palikuwa kama barabara kuu ya Beltway saa za watu kutoka kazini, ila hapa hakuna honi. Muziki ukakatwa.

Aliyeukata ni Silvanus. Mwalimu Silvanus, kwa asiyemjua, ni Mtanzania wa Bukoba aliyeanzisha shughuli hiyo, na siku za kazi hufundisha watu udereva kule Wheaton. Kwa hiyo hapendi mtu abadili njia bila ishara. Alikuja akiwa amefunga mikono nyuma.

"Bwana Vuai. Umewaalika wangapi?"

"Mimi? Sikualika mtu, Mwalimu. Nimesalimia."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Irene akacheka, lakini aliketi na uso umemwiva. Rosemary hakucheka kabisa. Hapo ndipo Vuai alipoelewa alichofanya, na joto likampanda kutoka kwenye viatu.

"Umewaaibisha watu watatu," Silvanus akasema kwa sauti ya chini, na hiyo ilimuuma Vuai kuliko kicheko chote. "Kaa pale. Leo huingii kwenye duara. Rudi darasani, Septemba tutakuangalia tena."

"Septemba sina Jumapili, Mwalimu."

"Basi Januari. Tango haikimbii."

"Haikimbii, ila mimi ndiye ninayehamishwa zamu," Vuai akajibu. "Nitakaa. Lakini siondoki."

Akakaa kwenye kiti karibu na birika la chai. Hakuvua viatu vya kuchezea. Mtu aliyezoea kungoja umeme urudi ndani ya shimo la lifti anajua kungoja.

Kwanza akaenda kuwaomba radhi wale watatu, mmoja mmoja, wimbo ulipoisha. Irene alimsamehe. Rosemary alisema sawa kwa namna ambayo haikuwa sawa. Mama Sikujua alimwambia wanaume wa kwao wakisalimia angalau wanaleta soda, Vuai akamletea soda.

Halafu akajaribu kufanya mambo kama yalivyoandikwa. Tanda ya pili ilipotangazwa, akakaza macho. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kunyanyua mota. Kwao, ukimkazia macho mke wa watu utaulizwa mara mbili: na mumewe, kisha na mama yako. Sasa, baada ya nusu karne ya kuinamisha macho, ati ayatume kuvuka ukumbi peke yake! Alimtazama mama mmoja Mwajentina mzee. Akainamisha macho mwenyewe kabla yeye hajageuka. Alimtazama Irene, akajizuia asiangalie chini, akajizuia mpaka macho yakatoka. Irene akafungua pochi akaanza kutafuta kitu. Alimtazama binti mmoja wa Kihabeshi, na yule akachukua tishu akajifuta kidevu, akidhani ana masalia ya chakula.

Tanda ya pili ikapita. Ya tatu ikapita. Ya nne, na nyingine baada yake, mpaka saa kumi na moja ikakaribia.

Aliyekuja kumtetea hakuombwa. Chepkirui, Mkenya, hunyoosha watu viungo hospitalini, na kwenye tango anafuata mtindo mpya: wachezaji wanaachiana nafasi, wanageuka kwa mapana, miguu inapaa. Yeye mwenyewe huongoza na huongozwa, atakavyo. Alikuja kujimiminia chai, akaona Vuai bado amekaa, akamgeukia Silvanus aliyekuwa anakagua orodha ya nyimbo.

"Mwalimu, huyu mzee amekaa hapa kama mzigo umesahauliwa stendi. Si aende tu amwombe mtu kwa mdomo? Mungu alitupa mdomo, na akatuwekea 'hapana' ndani yake."

"Kwa mdomo haiombwi," Silvanus akasema bila kuinua kichwa.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukienda ukasimama mbele ya mtu, ukumbi wote unaangalia, huyo mtu atakataaje? Atasimama kwa huruma. Atacheza nyimbo nne za huruma. Macho yanaficha aibu ya wote wawili."

"Yanaficha na madharau pia! Mgeni anakaa masaa matatu, hakuna mtu amemkataa, na hakuna mtu amecheza na yeye. Nani ataulizwa? Hakuna! Wote mlikuwa mnaangalia dirisha."

"Hiyo ndiyo mila."

"Hiyo ni kuringa. Imepewa tu jina la mila."

Vuai alimgeukia mmoja, akamgeukia mwingine. Lililomkera ni kwamba wote wawili walikuwa wanasema kweli. Kazini, akipata waya mbili zote zina moto, anajua mahali fulani mtu ameunganisha vibaya. Hapa hakujua aanze kufungua wapi.

Wale wawili walikuwa wameshahama kwenye macho, wamefika kwenye kifua.

"Na huko kukumbatiana kwenu," Chepkirui alikuwa anasema, "mnalaliana vifuani kama watoto wako na homa. Mtu apumulie wapi?"

"Afadhali homa. Nyinyi mnarusha miguu kama mnafukuza kuku kwenye mahindi. Wiki iliyopita mmemvunjia mtu miwani!"

"Miwani ilianguka yenyewe!"

"Ilianguka kutoka usoni kwake, Chepkirui. Kiatu chako kilikuwa usoni kwa mtu."

Watu wakasogea kusikiliza. Waliokuwa wa Silvanus wakasimama upande wake, wa Chepkirui upande wake, na hapakuwa na aliyekumbuka kwamba jambo lilianza na mtu anayetaka tanda moja. Vuai akainuka, akachukua kikombe, akaenda kusimama upande wa pili wa birika. Hapo palikuwa na Edna.

Edna ni muuguzi, anahudumia wagonjwa wa figo. Ndiye anayetafutwa kuliko wote ukumbini, maana akicheza hufumba macho, na aliyecheza naye hurudi kitini akitembea polepole. Vuai hakuwahi hata kuota kumwalika.

"Kaka Vuai, bado una viatu miguuni."

"Wamenipa adhabu ya duara, dada Edna. Ya viatu hawajatoa."

Edna akacheka, akapuliza chai yake. "Umejaribu macho?"

"Nimejaribu. Mmoja kafungua pochi, mmoja kajifuta uso. Nadhani natazama kama afisa wa uhamiaji."

"Nilikuona. Hata mimi nilitaka kukuonyesha pasi."

Wakanywa chai. Nyuma yao Silvanus alikuwa amefika kwenye adabu na Chepkirui amefika kwenye haki za binadamu.

"Hivi kweli unayapenda haya mambo ya macho?" Vuai akauliza. "Si kwamba Mwalimu kasema. Wewe."

Edna alifikiri. "Nayapenda. Unajua kazini kwangu nasema hapana kutwa nzima? Hapana chumvi. Hapana maji mengi. Mama, hapana ndizi, utakufa. Nikija hapa nimechoka na hilo neno. Mtu akinitazama, nikiwa sitaki nageuka. Basi. Hakuna aliyeona, hakuna aliyenuna, hakuna wa kumweleza kitu. Kwangu hilo ndilo la maana. Hayo mengine ya kushusha kidevu nusu inchi ni ya Silvanus."

Akaweka kikombe, akarudi kitini kwake karibu na ukuta wa saa.

Vuai alibaki na chai inayopoa. Ndipo akaona zile waya zilipounganishwa vibaya. Walikuwa wanabishana kuhusu namna ya kuomba, jicho au mdomo, na kumbe kilichokuwa kinalindwa ni namna ya kukataa. Kuomba angeweza. Mdomo anao, tena mzuri. Iliyobaki ni kumtengenezea mwenzake mahali pa kukatalia.

"Tanda ya mwisho!" mtu wa muziki akatangaza. Mabishano yakakatika, kila mtu akakimbilia mahali pa kutazamia. Wanaume wakaanza kurusha macho. Vuai akaweka kikombe chini, akavuta shati, akaanza kutembea.

"Bwana Vuai," Silvanus akamwita. "Kaa chini."

"Nitakaa nikishakataliwa, Mwalimu."

"Hutembei kumwendea mtu!"

Akaendelea. Aliwahi kutembea juu ya boriti ya upana wa kiganja akiwa na njaa na bila leseni, mwaka wake wa kwanza nchi hii. Sakafu ya kanisa ilikuwa pana. Akafika hatua tatu kutoka kwa Edna, akasimama. Hakusogea zaidi. Akashusha sauti asikie yeye tu.

"Dada Edna, macho yangu hayajui kazi hii, kwa hiyo nakuomba kwa mdomo. Nataka tanda hii nicheze nawe. Sasa nitageuka niitazame ile saa ukutani. Nitahesabu mpaka kumi, halafu nitakwenda zangu kwenye chai nikavue viatu, bila kugeuka. Ukikaa nitakuwa sikukuona, wala leo wala siku nyingine."

Akageuka, akampa mgongo.

Saa ilisema kumi na moja na dakika ishirini. Wimbo wa kwanza ukaanza, kodiani peke yake, ikavuta pumzi ndefu. Moja. Mbili. Alisikia mtu akicheka upande wa Chepkirui. Tatu, nne, tano. Alisikia viti vikisogea, lakini viti vilikuwa vinasogea ukumbi mzima, watu wanapata wenzao. Sita. Saba. Alianza kuwaza jinsi ya kuvua viatu bila kuinama sana mbele ya watu. Nane.

"Unavyoitazama hiyo saa," sauti ikasema kwenye sikio lake, "una haraka ya kwenda wapi?"

Wakasubiri ukingoni. Jozi iliyokuwa inakuja, mwanamume wake akamtazama Vuai, naye Vuai akamtazama, na safari hii kichwa kilishuka penye haki yake: yule akawaachia nafasi, wakaingia.

Ukweli usemwe, Vuai hakuwa na madoido. Alichojua ni kutembea. Miezi minane alitembea kwenye korido za chini za mahospitali, usiku na mchana, mguu mmoja kisha mwingine, mpaka bintiye Layla, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, akamwambia anatembea kama lifti: anakwenda, anasimama, mlango haufunguki. Basi akatembea. Edna aliweka paji la uso karibu na shavu lake, si kifuani hasa wala si mbali hasa, palipowafaa wao. Penye kasi akapunguza. Jozi ya mbele ilipokwama akasimama, hakusukuma, akaacha fidla zipite juu yao, akahamisha uzito kutoka mguu hadi mguu kama mtu anayebembeleza mtoto. Wimbo wa pili alikosea akamkanyaga, Edna akasema, "Endelea." Wimbo wa tatu alisahau kuhesabu. Wa nne aliteremsha jicho mara moja tu, akaona macho ya Edna yamefumba, akatazama mbele haraka, asije akajikwaa kwa furaha.

Muziki ukaisha. Watu wakapiga makofi kama desturi ya tanda ya mwisho. Vuai akamrudisha Edna mpaka kitini, akamshukuru, akataka kwenda zake. Tanda moja alitaka, tanda moja kapata. Lakini Silvanus alikuwa ameshafika, na Chepkirui nyuma yake.

"Nisamehe, Bwana Vuai, lakini lazima lisemwe mbele ya wote," Silvanus akaanza. "Umemwendea mtu. Umeongea. Umempa mgongo! Na kukumbatia kwenyewe si kwa karibu si kwa mbali. Hiyo haikuwa tango."

"Kwa hilo, mimi niko na Mwalimu," Chepkirui akasema, na ukumbi ukashangaa, maana hao hawajawahi kukubaliana hata kuhusu sukari. "Mzee, nakupenda, lakini umetembea tu! Hakuna kugeuka, hakuna mguu umepaa. Nyimbo nne za kutembea. Hata hiyo ni tango gani?"

"Ni ya Oxon Hill," Vuai akasema. "Na Jumapili yangu ya kwanza mwakani, nikirudi, nitaicheza hivyo hivyo. Mkitaka kunirudisha nyuma ya nguzo mnirudishe. Nitatoka tena."

"Huoni umeharibu?" Silvanus sasa alikuwa amepandisha sauti. "Watu wamekuona. Wiki ijayo kila mwanamume atakwenda kusimama mbele ya kiti cha mtu! Na wewe Edna, nakushangaa zaidi. Wewe ndiye mfano hapa. Mwanamke anayeijua tango hasimami mpaka atazamwe."

Edna alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Akaimaliza, akainua uso.

"Tangu saa nane nimetazamwa, Mwalimu, na wewe umo. Huyu ndiye aliyegeuka akanipa nafasi ya kukataa, ndiyo maana sikukataa."